Casilda wa Lango la Kiwiko

Watu wengi huzaliwa ndani ya nyumba. Casilda Morente alizaliwa ndani ya lango la mji.

Chumba chenyewe kilikuwa juu ya njia, pale walipokaa askari wa Kimoro enzi zile Waislamu walipokuwa wakitawala Andalusia, na mkunga aliyemzalisha mama yake alilalamika mpaka uzeeni kwamba hajawahi kufanya kazi penye upepo kama pale. Mtoto alipolia, kilio kilishuka kikatokea njiani, na mwuza maziwa aliyekuwa akipita chini na punda wake akavua kofia, akauliza ni mvulana au msichana. Akajibiwa kutoka darini. Hivyo ndivyo mji wa Benarija ulivyopata habari za Casilda, na tangu siku hiyo habari nyingi za mji huo zilipita njia ileile, ila zenyewe zilikuwa zikipanda.

Kwa maana katikati ya jiko la kina Morente palikuwa na tundu. Lilikuwa na upana wa kupitisha kikapu, limezungushiwa mawe, na Wamoro walilitoboa makusudi: adui akishavunja mlango wa nje na kujazana humo ndani, amiminiwe mafuta yanayochemka kichwani. Mama yake Casilda alilifunika kwa ubao, na juu ya ubao akaweka mtungi wa maji. Alipotaka kujua nani kamchumbia nani, au kwa nini kasisi kaonekana amenuna, alisogeza mtungi.

Lango liliitwa la Kiwiko kwa sababu halikunyooka. Unaingia kwa tao la nje, refu, lililobana miguuni kama kiatu cha farasi. Unatembea kidogo kwenye kiza. Unakutana na ukuta mtupu usoni. Unapinda, na hapo ndipo unaliona tao la pili na mwanga wa mjini. Kuta ni za udongo mwekundu ulioshindiliwa na chokaa, nene hata jua la Agosti halijui cha kuzifanya. Hesabu ya waliolijenga ilikuwa rahisi. Anayekuja na farasi mbio atalazimika kupunguza mwendo, na akigeuka atawaachia walinzi ubavu ambao hauna ngao.

Haikuwahi kuhitajika. Jeshi la Wakristo lilipofika kutoka kaskazini, wakubwa wa mji waliangalia idadi yake, wakaangalia ghala la nafaka, wakatoa funguo. Hakuna aliyemwagiwa hata kikombe. Wabenarija hupenda kusimulia kwamba farasi wa mfalme aligoma kwenye kona, ikabidi mshindi ashuke na kuingia mjini kwa miguu kama mwuza vitunguu. Labda ni uongo, lakini ni uongo wao wenyewe na wameutunza vizuri. Baadaye ule ukuta mtupu wa kwenye kona ulipewa sanamu ya Bikira Maria na taa yake, na chumba cha juu kikapangishwa kwa watu wasio na makuu. Ukoo wa Morente, wasusi wa mikeka na matandiko ya punda, ukakaa humo mpaka watu wakasahau kwamba palikuwa pahali pa vita.

Casilda alikua akawa msichana mrefu, mchangamfu, mwenye sauti nzito ya kukwaruza kama ya mnadi samaki. Uzuri alikuwa nao, ila wachumba walimkwepa. Katika mji ule kijana humwimbia msichana chini ya dirisha, na dirisha la kina Morente lilitazama nje ya ukuta, juu ya bonde, mahali ambapo ni mbuzi tu angeweza kusimama. Aliyetaka kuongea na Casilda ilimbidi asimame chini ya tundu, na yote aliyosema yalisikiwa na baba, mama, shangazi, na Bikira.

Basi asubuhi moja ya Juni akaingia langoni Evaristo Pulido, seremala kutoka Cerrón, mji wa jirani ambao Wabenarija hawaupendi, nao hawapendwi. Alikuwa na gari la kukokotwa na nyumbu, na juu ya gari kabati la nguo lenye milango miwili na kioo, alilotengeneza kwa ajili ya harusi ya binti wa mfamasia. Mwuza zeituni aliyekaa nje ya tao alimwambia azunguke kwa upande wa mtoni. Evaristo alilitazama tao, akalitazama kabati, akasema linapita. Na kweli lilipita. Kwenye kona ndipo lilipogoma.

Nyumbu aligeuka, gari likageuka nusu, kabati halikugeuka. Pembe yake ya juu ilikwama ukutani, gurudumu likaingia kati ya mawe mawili, na nyumbu, alipoona hali ile, akaanza kurusha mateke kwa nyuma. Evaristo alikuwa amepita ubavuni kusukuma. Sasa mbele alikuwa na mateke, nyuma kabati, kulia ukuta, na kushoto Bikira. Watu wakakusanyika pande zote mbili. Mhunzi alisema likatwe kabati. Mtu wa Cerrón aliyekuwa akipita alisema likatwe lango. Mfamasia alikuja akasema binti yake anaolewa Jumamosi, kana kwamba kabati lilikuwa likingoja kujua siku. Waliendelea kushauriana hivyo mpaka saa za kula zilipofika, na washauri wote wakaenda kula, kisha wakaenda kulala usingizi wa mchana.

Pakawa kimya. Nyumbu naye akasinzia.

"We kijana," sauti nzito ikasema. "Umekula?"

Evaristo alimtazama Bikira kwanza. Kisha akainua macho akaona tundu jeusi darini.

"Bado, bibi," akajibu kwa adabu.

Juu kule Casilda alikuwa peke yake jikoni, wazazi wakiwa sokoni na mikeka, na neno lile lilimchoma kidogo. Lakini hakuwa mtu wa kupoteza nafasi ya kucheka. Akasema, kwa sauti nzito zaidi, "Basi subiri, mjukuu wangu."

Kikapu kikashuka na mkate, zeituni, na jagi la supu baridi ya nyanya na kitunguu saumu. Evaristo alikula amekaa juu ya gurudumu, na kwa kuwa mtu huongea kwa uhuru zaidi na bibi kizee asiyemwona, alimweleza mambo yake yote: kwamba angependa kuwa na karakana yake, kwamba ndugu zake walimcheka, kwamba wasichana wa Cerrón walimkimbia akianza kuzungumzia mbao. Bibi akauliza anatafuta msichana wa namna gani. Evaristo akafikiri, akasema angependa anayejua kunyamaza.

"Basi huku kwetu usihangaike kutafuta," bibi akasema.

Evaristo akamwambia pia kwamba supu ilipungua chumvi. Bibi akakataa. Wakawa wanabishana juu ya chumvi, Casilda akizidi kupandisha sauti na kusahau uzee wake, mara mama mtu akaingia mlangoni na kapu la sokoni kichwani.

"Casilda," akasema, na kila neno likashuka chini kama ilivyo kawaida, "unaongea na nani huko, na tangu lini wewe ni bibi?"

 Chini, Evaristo akakohoa.

"Samahani, bibi. Una miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

"Aa," Evaristo akasema. "Umejitunza."

Casilda alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mama yake, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akiomba mwanaume yeyote akwame mahali fulani karibu na nyumba yake, aliweka kapu chini, akarudi sokoni kutafuta alichosahau.

Kabati nalo likapata dawa. Evaristo alikumbuka kwamba aliliunga kwa gundi ya ngozi, na gundi ya ngozi hulegea kwa maji ya moto. Maji atayapata wapi, akiwa amezingirwa hivyo? Casilda akawasha moto, akateka, akachemsha. Yeye alisimama juu ya tundu na birika, Evaristo chini akielekeza: kulia kidogo, hapo kwenye pembe, taratibu, mkono wangu huo. Akamwaga birika baada ya birika. Hivyo tundu la Wamoro likafanya kazi iliyolingojea kwa karne zote hizo, na aliyemiminiwa alikuwa kabati. Watu waliporudi kutoka usingizini walikuta limeshakuwa mbao, moshi wa maji ukitoka langoni, na seremala amelowa kichwa hadi miguu akitabasamu kama mtu aliyebatizwa.

Binti wa mfamasia alilipata kabati lake Ijumaa, ila mlango mmoja haukufunga vizuri. Evaristo alirudi kuurekebisha. Akarudi tena. Alirudi mara nyingi hivi kwamba mfamasia mwenyewe alisema mlango hauna tatizo kubwa hivyo, na watu wakaanza kumwona seremala amesimama kwenye kona ya lango, shingo imekunjwa nyuma, akiongea na dari. Mwaka uliofuata wakaoana. Alihamia Benarija, akafungua karakana jirani na lango. Kitanda chao alikitengenezea huko huko juu, kwa mbao za mjozi alizozitoa kwao, kwa kuwa ngazi zile zilipitisha watu tu, tena wasio wanene.

Waliishi vizuri, wakigombana juu ya chumvi, wakapata binti wawili, mpaka Don Leandro alipowekwa kuwa meya.

Don Leandro Bustillo alikuwa na mashamba ya mizeituni, gari jeusi, na hamu ya maendeleo. Alikuwa ameona miji ya pwani, mabasi yakishusha wageni mlangoni mwa hoteli, naye akataka mabasi yaingie Benarija. Kizuizi kilikuwa Kiwiko. Mchana mmoja wa Machi, saa za kulala, alimleta mhandisi kutoka mji mkubwa, na kwa kuwa jua lilikuwa limeanza kuwa kali walijisogeza mahali penye ubaridi kuliko kote, yaani kwenye kona, chini ya tundu. Casilda alikuwa juu akimenya lozi. Akasogeza mtungi.

Alisikia yote. Ukuta wa kona ungebomolewa, njia inyooke. Bikira angejengewa mahali pengine. Kazi ingefanyika haraka wakati wa mavuno ya ngano, watu wakiwa mashambani, kabla mabwana wa mambo ya kale hawajapata habari na kuanza kuandika.

"Don Leandro," Casilda akasema, "na sisi tunaokaa huku juu mmetupangia wapi?"

Mhandisi aliruka. Meya hakuruka, alizaliwa Benarija.

"Casilda, funga hilo tundu. Haya ni mambo ya serikali."

"Nimelifungua tu. Sijamwaga kitu."

Mhandisi akauliza kwa sauti ya chini huwa anamwaga nini. Meya akamshika mkono wakaondoka.

Casilda alidhani akitangaza habari ile mji utawaka. Haukuwaka. Watu walipenda wazo la basi. Mwuza mikate alisema wageni hula mikate. Hata Evaristo, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akifumua meza na viti ili kuvitoa mjini, alisema kwa kweli njia iliyonyooka ingempunguzia kazi.  Casilda alimpikia supu isiyo na chembe ya chumvi, na akaendelea kumpikia hiyo hiyo.

Aliyemgeuza Evaristo ni ndugu yake mwenyewe. Alikwenda Cerrón kununua mbao, na kule kaka yake akampokea kwa kicheko. "Nasikia mnainyoosha ile kona," akamwambia. "Vizuri. Sasa hata sisi tutaweza kubeba."

Hapo ndipo palipouma. Kila Ijumaa Kuu, asubuhi, wanaume wa Benarija hubeba mabegani machela ya Bikira, jukwaa zito la mbao na fedha lenye mishumaa na maua, na kulipitisha langoni. Kwenye kona huenda magoti yamekunjwa, inchi kwa inchi, hakuna anayepumua, na vinara hupita karibu na ukuta kiasi kwamba huwezi kuingiza kidole. Wacerrón huja kila mwaka kutazama wakiomba kimoyomoyo kigongwe kitu, na kila mwaka hurudi kwao wamenuna. Evaristo, ingawa ni wa kuja, alikuwa ameshapanda akawa kiongozi wa wabebaji, yeye ndiye anayegonga nyundo na kutoa amri. Alirudi nyumbani bila mbao hata moja. Akakaa mezani, akala supu yake bila kulalamika.

"Mwakani Bikira atapita moja kwa moja," akasema, "kama gari la maziwa."

"Mwambie Don Leandro," Casilda akasema. "Yeye ndiye anayebeba pembe ya mbele."

Ilikuwa kweli. Pembe ya mbele, upande wa kushoto, ilikuwa ya ukoo wa Bustillo tangu babu. Mume na mke wakatazamana. Ile supu ikaongezewa chumvi.

Ijumaa Kuu ikafika. Machela yaliingia kwa tao la nje, watu wamejaa pande zote mbili, Wacerrón wamesimama mbele kabisa kama kawaida yao. Casilda alikuwa juu na sinia la maua ya rozmari, mmea unaonukia, tayari kuyanyunyiza. Wabebaji wakakunja magoti, wakaanza kupinda. Katikati ya kona, pale pagumu kuliko pote, Evaristo akagonga nyundo na kuamuru yashushwe. Yakashushwa. Wanaume wakajinyoosha, wakajifuta jasho, mmoja akawasha sigara. Don Leandro peke yake hakuweza kutoka: mbele ukuta, nyuma machela, na ubavuni bega la mhunzi, ambaye hakuonyesha nia ya kusogea.

"Kuna nini?" meya akanong'ona.

"Tumepumzika, Don Leandro," Evaristo akasema. "Tunaiaga kona. Tuiage vizuri, maana hatutaiona tena."

Habari ikapita mdomo kwa mdomo mpaka nje. Wacerrón wakaanza kutabasamu, na hilo Wabenarija waliliona. Wale wale waliotaka basi wakaanza kunung'unika. Mwuza mikate akasema wageni wenyewe wanakuja kutazama nini basi, kama si hii kona. Meya alisema mpango ni mpango. Hakuna aliyembishia, hakuna aliyeinua machela pia. Jua likazidi kupanda, mishumaa ikazidi kufupika, na meya akasimama uso kwa uso na ukuta aliotaka kuubomoa, karibu kiasi cha kuhesabu kokoto zake.

Kisha akasikia sauti darini, nzito na yenye upole mwingi.

"Don Leandro. Umekula?"

Kikapu kikashuka mpaka kwenye pua yake. Meya alikitazama muda mrefu. Ilikuwa siku ya kufunga, na alikuwa na njaa, na mama yake mzazi alikuwa amesimama kwenye tao la ndani akimwangalia kwa jicho alilolijua tangu utotoni. Akachukua zeituni moja, akaitafuna polepole, akatema kokwa mkononi.

"Kibaki," akasema.

"Sauti, Don Leandro," Evaristo akamwomba. "Wa Cerrón hawajasikia."

"Kiwiko kibaki," meya akasema kwa sauti ya kutosha.

Evaristo akagonga nyundo. Machela yakainuka kwa mpigo mmoja, rozmari ikanyesha kutoka juu, na waliokuwapo wanasema kona haijawahi kupindwa vizuri vile. Meya mwenyewe aliifanya akiwa na machozi, ingawa baadaye alisema ni moshi wa mishumaa.

Miaka imepita. Mabwana wa mambo ya kale walikuja, wakaandika, wakakwangua chokaa, wakakuta tao la ndani lilipakwa zamani mistari myekundu na myeupe. Evaristo alifariki majira ya kiangazi, usingizini, na wabebaji wakampitisha langoni kwa magoti yaliyokunjwa bila kugusa ukuta, ingawa jeneza lilikuwa dogo na nafasi ilitosha. Casilda aliwasikia chini wakisema taratibu, taratibu, kana kwamba wamebeba vinara. Hakulia mpaka walipomaliza kupinda, asije akawavuruga.

Barabara ilijengwa bondeni, ng'ambo ya mto, na basi husimama huko chini, mbali. Casilda sasa ana meno ya bandia yasiyokaa sawa, na kila anapokwenda kwa daktari hushuka mteremko wote ule kwa fimbo akilalamika kwamba Don Leandro hakujua kupanga barabara. Humwambia mwenyewe, kwa maana mara nyingi humkuta kituoni. Mzee yule naye huenda mji mkubwa kutazamwa macho.

"Tungenyoosha lile lango," Don Leandro alimwambia juzi, "basi lingekuchukua mlangoni kwako."

"Mngenyoosha, ningekuwa sina mlango."

Mzee akafikiri, akakubali kwamba hilo hakulipangia. Basi likafika limechelewa, wakalisema vibaya wote wawili, akamshika mkono kumpandisha, na wakaenda kukaa kiti kimoja, Casilda upande wa dirishani.